Mashine Ilisema Tii

Tangi la maji lilikuwa limeshachunguliwa. Choo, kabati la magodoro, nyuma ya jenereta, kote kulikuwa kumeshapekuliwa, hata pipa la taka ambalo mtoto wa miaka mitatu asingeweza kulipanda mwenyewe. Inspekta alipoingia kwenye ua wa nasari aliwakuta watu wazima wanapishana kama siafu, huyu anafungua mlango ambao mwenzake ndiyo kwanza katoka kuufunga.

Kazini walimwita Bi Taratibu. Waliompenda walimwita hivyo kwa heshima, wasiompenda walimwita hivyo kwa kumsuta, kwa sababu katika miaka yote ya upelelezi wake hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Alilifunga geti nyuma yake, akalitazama komeo. Lilikuwa juu sana, hata mtu mzima mfupi angelifikia kwa kusimamia vidole.

"Komeo hili halifunguliwi na mtoto," alimwambia koplo aliyempokea getini. "Kuna mtu mzima alilifungua. Waambie waache kutafuta kwenye mapipa."

Mama wa mtoto hakuwa na haja ya kuonyeshwa. Alikuwa amekaa barazani kwenye kiti cha watoto, magoti yamemfikia kidevuni, mkoba wa kazini bado uko begani. Macho yamemwiva. Mkononi ameshika funguo za nyumba yake na kuzisaga kama anayetaka kuzivunja.

"Mwanao anaitwa nani, mama?"

"Kidoti. Ana kidoti hapa shavuni. Jina la cheti ni lingine, lakini ukimwita kwa hilo haitiki."

"Umefika hapa ukaambiwaje?"

"Nimefika nimesema nimekuja kumchukua mwanangu, yule dada wa getini ananitazama ananiambia, 'Mbona kaondoka na bibi yake?' Bibi yake yupi, afande? Mama mkwe wangu yuko kwao, safari ya kutwa nzima kwa basi! Angekuja asingesema? Baba mtoto ni dereva wa malori, yuko safarini, nimempigia, anasema mama yake hajamwambia lolote. Ameniuzia mtoto yule! Kamuuza mwanangu!"

"Bibi mwenyewe mmempigia?"

"Hapatikani. Hapatikani siku zote! Simu yake anaizima ili chaji isiishe, anaiwasha akitaka kupiga yeye."

"Nyumbani umeangalia?"

"Nimetoka kazini moja kwa moja mpaka hapa. Nyumba nimeifunga asubuhi, funguo hizi hapa, nakala hakuna."

Inspekta alimgeukia koplo. Koplo alikuwa mtu wa kutaka sifa, na safari hii alikuwa ametangulia. "Nimeshapita huko kabla hujafika, afande. Kufuli kubwa mlangoni. Nimegonga, nimeita kwa sauti ya serikali. Kimya."

"Haya. Nipeleke kwa huyo dada."

Dada wa getini alikuwa amekalishwa ofisini kwa mwenye nasari, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba ambaye wazazi na walezi wote walimwita Madam. Shavu la kushoto la yule dada lilikuwa limevimba. Inspekta hakuuliza ni kofi la nani. Aliruka gari dogo la plastiki lililokuwa sakafuni, akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Niambie kama unavyomsimulia ndugu yako. Bila kuapa."

"Alikuja mama mzima, ana kikapu, kajifunga leso kichwani. Akatoa kadi. Kila anayeruhusiwa kuchukua mtoto ana kadi yake, na yake ilikuwa sawa. Mtoto mwenyewe kumwona tu kamrukia. Mimi nikaandika kwenye kompyuta ya getini kama kawaida. Namba ya mtoto, ishirini na saba. Halafu namba ya kadi, tatu. Nikabonyeza, mashine ikasema tii. Nikafungua geti."

"Mashine ikisema tii maana yake nini?"

"Imekubali, afande. Ndivyo tulivyofundishwa. Ikisema tii, fungua."

"Jina la mtoto uliliona kwenye skrini?"

Dada alitikisa kichwa. "Muda ule jua la alasiri linaipiga ile skrini usoni. Ukiitazama unajiona mwenyewe tu. Na mkono mmoja nilikuwa nimebeba kichanga kinacholia. Naandika kwa mkono mmoja, kwa zile namba za pembeni. Nimezoea, siangalii hata vitufe."

Madam aliigeuza skrini ya ofisini, iliyounganishwa na ile ya getini, ili Inspekta aione. "Mimi sina ugomvi naye, afande, lakini kompyuta haina shangazi wala mjomba. Tazama. Ishirini na saba, Kidoti. Yumo ndani. Hajatoka. Sasa yeye anasema kaandika, mashine inasema hajaandika. Nani mwongo hapo?"

"Nimeandika, Madam!"

"Umeandika wapi? Hewani?"

Mama Kidoti alikuwa amesimama mlangoni. "Kadi ya tatu ni ya bibi kweli," alisema kwa sauti iliyokauka. "Alipewa alipokaa kwetu mwaka jana. Lakini kadi si inaibiwa? Mtu akijifunga leso na kubeba kikapu ndiyo kashakuwa bibi wa mwanangu?"

 

Simu ya Inspekta ililia. Alikuwa mkuu wake, na hakuwa na mengi: yule mlezi wa getini aletwe kituoni sasa hivi, aandikishe maelezo, akikataa kusema alikompeleka mtoto alale ndani. Inspekta alisema, "Sawa, mkuu," kwa sababu mkuu ni mkuu. Askari wawili wakamchukua yule dada mpaka kwenye gari. Kabla ya kupanda aligeuka.

"Mnifunge, sawa," alisema. "Lakini mkishanifunga mimi msiseme mmemaliza. Mtafuteni yule bibi."

Gari likaondoka. Mama Kidoti alilisindikiza kwa macho, akatema mate chini. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimeshavuka nusu ya ua, na Inspekta alikiona. Giza likiingia mtoto hajapatikana, kazi ingekuwa nyingine kabisa.

Alirudi ofisini. "Madam, usinisomee Kidoti tena. Nisomee walioondoka kwa kadi namba tatu leo. Hao tu."

Madam alishusha miwani. "Yupo mmoja tu. Namba mbili. Bonge. Kwao kadi ya tatu ni ya dereva. Kaondoka naye alasiri, baada ya usingizi. Muda uleule ambao yule binti anadai..."

"Anadai alimtoa Kidoti. Endelea. Huyo Bonge ni yupi?"

Madam aliinama kidogo. Alikuwa anatazama chini ya meza yake. Inspekta naye akainama. Mtoto wa kiume, mashavu kama mikate, alikuwa amelala kifudifudi anasukuma lile gari la plastiki na kutoa sauti ya injini kwa mdomo.

"Wewe ni nani, baba?"

"Bonge," alisema mtoto bila kusimamisha gari.

"Mashine inasema umeondoka."

Bonge alifikiri. "Sijaondoka," alisema. "Namsubiri mama."

Mama Kidoti alipiga yowe. "Dereva! Kaja dereva na kadi ya huyu, kachukua wa kwangu! Mnaona? Mnaona lakini?"

Koplo alishavuta pingu kiunoni. Kwa kweli hapo hata Inspekta hakumzuia. Dereva, kadi halali, mtoto mwingine: jambo la namna hiyo limetokea kwingine, na wanaofanya hivyo mara nyingi ni watu tunaowasalimia kila siku getini. Na kabla hajasema neno, honi ikapigwa nje. Gari jeupe. Dereva wa kina Bonge akashuka, akanyoosha mkono kumsalimia koplo, koplo akaushika mkono huohuo na kuukunja mgongoni.

"Mtoto umempeleka wapi?"

"Mtoto gani? Ndiyo kwanza nafika! Niachie, bwana, utanivunja!"

"Mashine inasema ulishafika!"

"Basi kaoe hiyo mashine!"

Mlango wa nyuma wa gari ukafunguliwa, akashuka mama Bonge, vumbi mpaka kwenye kope. "Jamani, kuna nini? Huyu niko naye tangu asubuhi. Tumepasukiwa na gurudumu huko njiani, tumekaa mpaka nimeota mizizi. Ndiyo maana nimechelewa."

Inspekta alimpa koplo ishara amwachie. "Fungua buti," alimwambia dereva. Dereva akafungua huku akisugua bega. Gurudumu lililopasuka lilikuwa humo, limechanika ubavuni, na jeki ina matope mabichi. Inspekta aliuliza kadi. Dereva akaitoa kwenye pochi, imekwama nyuma ya leseni, ikabidi aing'oe kwa ukucha.

"Hii haijatolewa leo," alisema Inspekta. "Pole, kaka. Nenda kamchukue mtoto wenu. Yuko chini ya meza."

"Na bega langu?" dereva alimuuliza koplo.

"Lipake mafuta," koplo alijibu, lakini hakumtazama.

Basi ndiyo hivyo, njia ile ikafungwa. Mama Kidoti aliteleza ukutani mpaka chini. Inspekta naye akakaa sakafuni karibu yake, sare yake ikijaa vumbi la watoto, akazungumza taratibu kama kawaida yake.

"Nisikilize, mama. Kompyuta imesema Bonge kaondoka na dereva. Bonge alikuwa chini ya meza na dereva alikuwa njiani. Huo ni uongo, si ndiyo? Sasa kama imesema uongo kwa Bonge, kwa nini tuiamini kwa Kidoti?"

Mama Kidoti aliinua uso.

"Madam!" Inspekta aliita. "Nani mwingine mashine inasema yumo ndani? Nisomee namba, mimi nahesabu vichwa."

Waliobaki walikuwa watoto wachache tu, wamekaa mkekani na mlezi wa zamu ya jioni. Madam alisoma kutoka dirishani, Inspekta akagusa kichwa kimoja kimoja. Vichwa vikaisha, Madam bado ana namba.

"Kumi na saba," alisema Madam. "Hapana, subiri. Huyu kaondoka na mama yake! Nimempungia mkono mimi mwenyewe!"

"Mpigie mama yake."

Madam alipiga, akaweka sauti ya nje. Kelele za maji na mtoto anayepinga kuoshwa kichwa zikajaa ofisi nzima. "Yupo, Madam, namwogesha," alisema yule mama. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama, endelea, endelea," Madam alisema na kujishika kifua.

"Sasa niangalizie namba moja," alisema Inspekta.

"Namba moja hakuja leo. Ana mafua." Madam alitazama skrini, akaivua miwani, akaivaa tena. "Inasema ameondoka. Na mama yake. Anaondokaje mtu ambaye hajaja?"

Koplo alikuwa ameegemea mlango, pingu zimesharudi kiunoni. Inspekta alimgeukia. "Wa kumi na saba katoka, mashine imeandika moja. Wa ishirini na saba, dada anasema katoka, mashine imeandika mbili. Kitu gani kimedondoka njiani?"

Koplo alihesabu kwa vidole, midomo inacheza. "Saba," alisema. Kisha akasema tena kwa sauti kubwa, "Saba, afande!"

"Twende getini."

Kompyuta ya getini ilikuwa juu ya meza ndogo chini ya upenu, waya zake zimefungwa kwa kamba ya kiatu. Jua lilikuwa limeshashuka, na skrini sasa ilionekana vizuri. Inspekta alifungua ukurasa mtupu, akabonyeza namba za pembeni kwa mpangilio, moja mpaka tisa, halafu sifuri. Zikajipanga zote, isipokuwa saba. Baada ya sita ikafuata nane, kana kwamba saba haijawahi kuzaliwa.

"Mashine imegoma," alisema Madam. "Izime uiwashe. Sisi huwa tunaizima na kuiwasha inapona."

Inspekta hakubishana. Akaizima, akaiwasha, akasubiri huku Mama Kidoti anamhemea shingoni. Akabonyeza tena. Saba hakuna.

"Labda zile namba za pembeni zimefungwa," alisema koplo. "Kuna kitufe cha kuzifunga. Kwangu kilinisumbua wiki nzima."

"Zingefungwa zote. Hapa anayegoma ni mmoja." Alibonyeza saba nyingine, ile ya mstari wa juu, juu ya herufi. Ikaandika mara moja. "Unaona? Kompyuta inaijua saba. Hii ya pembeni ndiyo haifikishi ujumbe. Na dada alikuwa anatumia ya pembeni, kwa mkono mmoja."

"Inawezekana ni tundu la waya," alisema Madam, ambaye sasa alikuwa ameingiwa na moto wa upelelezi.

"Inawezekana. Tusikisie. Niletee kibodi ya ofisini kwako."

Zikabadilishwa. Kibodi ya ofisini ikachomekwa getini, tundu lilelile, na saba ya pembeni ikaandika bila wasiwasi. Ya getini ikapelekwa ofisini, ikachomekwa kwenye kompyuta ya Madam. Moja, mbili, tatu, mpaka sita. Halafu nane.

"Basi ugonjwa unatembea na kibodi," alisema Inspekta. "Kompyuta zote mbili ni nzima."

Aliichomoa, akaipindua juu ya meza na kuigonga mgongo kwa kiganja. Zikaanguka chembe za biskuti, kipande cha kalamu ya rangi, na nywele. Akaichomeka na kujaribu tena. Saba ikagoma. Akaibonyeza kwa kuikandamiza, kidole kimepauka. Safari hii saba moja ikatokea. Akaibonyeza kawaida, haikutokea. Akaibonyeza pembeni, ikatokea. Katikati, hapana.

"Haijafa," alisema. "Kuna kitu kinaizuia isishuke. Nani ana kibanio cha nywele?"

Mama Kidoti alichomoa chake kabla ya wote. Inspekta aliichomoa kibodi kwanza, akaingiza ncha ya kibanio chini ya kifuniko cha saba, akakibinua polepole upande mmoja, halafu wa pili. Kikaruka na kuangukia miguuni mwa koplo. Wote wakainamisha vichwa kwa pamoja mpaka vikagongana.

Chini ya kitufe kulikuwa na udongo wa kuchezea, wa rangi ya waridi, umekauka umekuwa kama jiwe. Umejaza nafasi ile kwa ustadi wa ajabu, na juu yake ilibaki alama ya kidole kidogo.

"Mungu wangu," alisema Madam. "Mchana, wakishaingia wote, wanacheza kupika keki. Meza ile wanaifanya jiko, na jua linaioka."

Hapo na mimi niwasemeshe wanaosoma, hasa akina mama wenzangu. Sote tunaamini ile tii. Tunaacha mtoto, tunasikia kitu kimelia, tunaondoka mioyo imetulia. Ile tii ni ya kitufe cha mwisho tu. Inasema nimebonyezwa. Haisemi kilichoandikwa ni kweli. Tazameni jina la mtoto kwenye kioo, na kama kioo hakionekani, simameni mpaka kionekane, hata foleni nyuma yenu inune.

Inspekta aliuchokoa udongo wote kwa ncha ya kibanio, akapulizia, akakirudisha kifuniko mpaka kikasema ta. Akachomeka kibodi. Akafanya alichofanya yule dada: mkono mmoja, macho pembeni. Ishirini na saba. Skrini ikaandika ishirini na saba, na picha ya mtoto mwenye kidoti shavuni ikatokea.

Mama Kidoti aliigusa ile picha kwa kidole. "Kumbe aliandika," alisema.

"Aliandika. Ile mbili na tatu ilikuwa ishirini na saba na tatu. Kadi ya bibi ilikuwepo getini, na mtoto alimrukia aliyeileta. Mwanao haruki kwa kila mtu, au anaruka?"

"Kidoti? Hata daktari anamng'ata."

"Basi alikuwa bibi. Bibi kaja mjini kwa basi, hana simu hewani, kampitia mjukuu. Akitoka hapa anakwenda wapi?"

"Kwangu. Lakini koplo si alikwenda? Kufuli!"

Inspekta alimtazama koplo. "Ulibisha wapi?"

"Mlango wa mbele, afande."

"Ukaita vipi?"

Koplo alijikohoza. "Nilisema, 'Nani yumo humo, toka nje.'"

"Mama, nyumba yako inatazama wapi? Jua la jioni linapiga upande gani?"

"Mbele," alisema Mama Kidoti. "Pale mbele alasiri hapakaliki. Kivuli kiko nyuma, kwenye karo la kufulia..." Alikuwa ameshafika getini kabla hajamaliza kusema.

Inaelezwa na koplo mwenyewe, na anaapa, kwamba siku hiyo Bi Taratibu alikimbia. Alikimbia kutoka getini mpaka kwenye gari, viatu mkononi.

Nyumba ilikuwa kama ilivyoachwa asubuhi, kufuli mlangoni, jua la mwisho limeukausha ukuta wa mbele. Mama Kidoti hakungoja gari lisimame. Akazunguka kwenye uchochoro wa pembeni, Inspekta nyuma yake, koplo nyuma ya Inspekta, buti zinapiga zege kama ngoma.

"Shhh!"

Wote watatu wakaganda.

Kwenye ukingo wa karo, mgongo umeegemea ukuta, kikapu miguuni, alikuwa amekaa mama mzima aliyejifunga leso kichwani. Mapajani mwake Kidoti alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, mkono mmoja umeshika sikio la bibi yake.

"Nyie na mabuti yenu," alinong'ona bibi kwa ukali. "Mtoto ndiyo kwanza kalala. Mkimwamsha mtambeba nyinyi."

Mama Kidoti alipiga magoti palepale kwenye maji ya sabuni ya asubuhi. Hakumgusa mwanawe. Aliweka kiganja karibu na pua yake, kama alivyofanya siku za kwanza Kidoti alipozaliwa, akasubiri pumzi impige mkononi. Ikampiga. Akafunga macho.

"Mama," alinong'ona. "Kwa nini hukusema unakuja?"

"Ningesema ungeniambia niache nisihangaike. Nikaona nije, ukirudi kazini ukute mtoto kashaogeshwa, chakula kiko mezani. Nafika nakuta kufuli! Zamani funguo mlikuwa mnaweka chini ya ndoo."

"Simu, mama?"

"Simu nimeizima. Chaji itaisha."

Inspekta alichutama. "Hukumsikia mtu akigonga mbele, mama?"

"Nilimsikia! Lijitu linabwata, 'Toka nje, toka nje.' Mimi mgeni hapa, nina mtoto mdogo, nitoke niende kwa mtu anayebwata? Nikambana mjukuu wangu nikanyamaza kimya. Siku hizi si watu wanaiba watoto?"

Koplo aligundua ghafla kwamba kamba za buti zake zinahitaji kufungwa upya. Inspekta alibana midomo, mabega yakamtikisika, akageukia ukutani mpaka kicheko kilipopita. Halafu akapiga simu kituoni, akiziba mdomo kwa kiganja. Mtoto kapatikana, mzima, yuko kwa bibi yake. Ndiyo, mkuu. Hapana, mkuu, hakuna wa kulala ndani. Mlezi aachiwe, na arudishwe kwake kwa gari, siyo kwa miguu.

Mama Kidoti alimvuta mkono wa sare. "Yupo hapo? Yule dada? Naomba niongee naye."

Inspekta alimpa simu. Upande wa pili ilisikika benchi ikisogezwa, kisha sauti nyembamba: "Haloo?"

"Dada," alinong'ona Mama Kidoti. "Ni mimi. Mama Kidoti."

Benchi ikasogezwa tena.

"Uliandika. Tumeona kwamba uliandika. Lile kofi... nisamehe, mdogo wangu. Kesho nitakuja mwenyewe, nitakuja mbele ya wote. Umenisikia?"



"Mbona unanong'ona?" aliuliza yule dada. "Mama Kidoti, niambie ukweli. Mbona unanong'ona? Mtoto ana nini?"

Mama Kidoti alimtazama mwanawe, na bibi aliyekuwa amenyoosha kidole mdomoni kumwonya, na machozi aliyoyazuia tangu getini yakamtoka yote kwa pamoja.

"Amelala," alisema. "Amelala tu."